Kompyuta Kuukuu na Amana za Nyumba

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa programu ya Windows 10. Habari hiyo ilipita hapa kwetu kimya kimya, na wengi waliiona kuwa ni shughuli ya mafundi. Hata hivyo athari zake zinafika Mbagala na Tandika, Mwananyamala na Tandale, na kuvuka bahari hadi Darajani na Chake Chake. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017, kwa kanuni za kampuni hiyo yenyewe, haziruhusiwi kupokea Windows 11. Maofisi ya Ulaya na Marekani yanaziacha, si kwa kuwa zimeharibika, bali kwa kuwa zimenyimwa kibali cha programu. Na vinavyoachwa huko, kama tujuavyo sote, hutafuta makontena, na makontena hutafuta bandari.

Msimamo wetu ni kwamba fursa hii isiachwe ikapita, wala isipokelewe kwa pupa. Kwa mashine moja ya aina hiyo, familia ya kawaida ya Temeke au Kinondoni, au familia mbili tatu za ukoo mmoja zilizogawanyika baina ya Dar es Salaam na Unguja, inaweza kujijengea bohari ya majalada nyumbani: kompyuta moja inayowaka mchana na usiku, isiyohitaji kioo wala kiti mbele yake, ambayo simu na kompyuta nyingine zote za nyumba hupeleka kwake picha, barua, hesabu na vyeti, na kuvichukua vinapohitajika. Wataalamu huiita seva. Sisi tungeiita sanduku la amana.

Haja ya sanduku hilo haihitaji hoja nyingi. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliua watu zaidi ya 40, na walionusurika wakaanika vyeti vyao juani wino ukiwa umekwishakimbia. Mwaka 2017 Serikali ilipofanya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma na kuwabaini zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, kila mtumishi, mwenye haki na asiye na haki, alilazimika kufungua kabati lake kutafuta karatasi. Tukiacha vyeti, ziko hati za viwanja, mikataba ya pango, vitabu vya hesabu vya vyama vya akiba na mikopo, daftari za vyuo vya Kurani, na kanda za taarabu na za arusi ambazo wazee wetu wa visiwani walizirekodi katika kaseti na ambazo sasa zinaliwa na ukungu. Siku hizi mambo hayo yote hupigwa picha kwa simu. Na simu, mwenye nayo anajua, huibiwa ndani ya daladala, hutumbukia baharini, au mtoto huiangusha saruji.

Wapo watakaotuambia: kwa nini msiweke kila kitu katika hifadhi ya mbali inayoitwa wingu? Hatuwapingi moja kwa moja, na chini tutairudia. Lakini nafasi ya bure inayotolewa na Google ni gigabaiti 15 tu, ambazo picha na vidio za arusi moja huweza kuzimaliza. Anayetaka terabaiti 2 hutozwa huko Marekani dola 9.99 kila mwezi, yaani kama dola 120 kwa mwaka, na siku atakaposhindwa kulipa, amana yake iko mikononi mwa mtu mwingine. Isitoshe, tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Hata Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango kwa siku mbili kwa sababu hiyo. Siku zile aliyekuwa na majalada yake nyumbani aliendelea kuyasoma, kwa kuwa waya wa kutoka sebuleni hadi chumbani haupiti chini ya bahari.

Sasa tuingie katika uchaguzi wenyewe, na tuanze mahali ambapo wanunuzi wengi hawaanzi, nako ni umeme. Mnunuzi wa mtumba hutazama bei ya dukani na kusahau kwamba mashine hii haizimwi. Inakula kila saa, saa 24, siku 30. Kwa viwango vya umeme vilivyowekwa 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi huhesabiwa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa daraja la juu yake shilingi 292. Ukiongeza kodi na tozo, zinakuwa 122 na takriban 356. Chukua nyumba ya Mbagala inayotumia uniti 50 kwa mwezi. Inalipa shilingi 6,100. Mwenye nyumba apewe bure na rafiki yake kompyuta kubwa ya mezani ya zamani, yenye kula wati 60 hata isipofanya kazi. Wati 60 kwa mwezi ni uniti 43. Nyumba imefika 93, imevuka 75, na ikihamishwa daraja italipa zaidi ya shilingi 33,000. Ile zawadi ya bure imegeuka kodi ya shilingi 27,000 kila mwezi, na baada ya mwaka mmoja imekwishakula zaidi ya laki tatu.

Achukue badala yake moja ya zile kompyuta ndogo za maofisini, ambazo ukubwa wake haupiti kitabu kinene, katika jamii za Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, zilizotoka 2015 na kuendelea. Nyingi kati ya hizo, zikikaa bila kazi, hula wati 10 hadi 15. Tukichukua wati 15, ni uniti 11 kwa mwezi. Nyumba inabaki chini ya 75, na nyongeza ni kama shilingi 1,300. Tungependa kila muuzaji abandike hesabu hii ukutani, lakini hatudhani kuwa yuko atakayefanya hivyo, maana mashine kubwa ndizo zinazomjalia duka.

Kwa sababu hiyo hiyo tunawaonya vijana wasihadaike na seva halisi za maofisini, zile bapa ndefu zinazotoka katika minada. Mashine kama Dell PowerEdge R710, iliyotoka 2009, inavutia kwa sifa zake na kwa urahisi wa bei. Lakini yenye vichakataji viwili huweza kula wati 150 ikiwa haina kazi yoyote, yaani uniti 108 kwa mwezi, na vipepeo vyake hupiga kelele ambazo nyumba ya vyumba viwili Temeke haiwezi kulala nazo. Chombo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya chumba chenye kiyoyozi na mlipaji asiyeuliza.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa kipato kidogo wasiidharau: kompyuta ya mkononi iliyovunjika kioo. Kioo hakina kazi katika sanduku la amana, kwa hiyo kilichomfukuza mnunuzi mwingine ndicho kinachotupunguzia bei. Hula umeme kidogo, na ina jambo moja ambalo kompyuta za mezani hazina, nalo ni betri yake yenyewe, inayoivusha pale umeme unapokatika. Sharti ni kwamba betri hiyo isiwe imevimba. Ikivimba itolewe siku hiyo hiyo, kwani ni moto unaongoja. Upungufu wake ni kwamba ina nafasi ndogo ya diski, na diski za nje zinazounganishwa kwa waya wa USB hutaka uangalifu, maana waya ukichomoka katikati ya kuandika, majalada huharibika. Anayehitaji diski mbili kubwa za inchi 3.5 atafute kasha la ukubwa wa kati kutoka jamii zile zile tulizozitaja, akikubali kulipia wati chache zaidi.

Juu ya kichakataji na kumbukumbu hatutasema mengi, kwa sababu kazi ya kuhifadhi majalada si nzito. Gigabaiti 8 za kumbukumbu zinatosha na kuzidi kwa nyumba. La kutazama ni tundu la waya wa mtandao liwe la kasi ya gigabiti moja. Na kwa makasha ya zamani, mnunuzi atazame nyuma, penye chanzo cha umeme: vingine vina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Kilichotoka Marekani kikiwa kimewekwa 115, kikichomekwa ukutani Kinondoni, hutoa moshi kabla mwenyewe hajaondoa mkono.

Jambo la pili, na kwa maoni yetu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, ni diski. Kompyuta ikifa, inanunuliwa nyingine. Diski ikifa, imekwenda na picha ya marehemu. Diski za kuzunguka zina daftari la ndani linaloitwa SMART, linaloandika umri na maradhi yake, na iko programu ya bure, CrystalDiskInfo, inayolisoma kwa dakika moja. Mnunuzi amtake muuzaji aichomeke diski na kulifungua daftari hilo mbele yake, na atazame mistari mitatu. Wa kwanza ni saa za kuwaka. Mwaka mmoja una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 40,000 imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu bila kulala. Wa pili ni idadi ya sehemu mbovu zilizohamishwa, na wa tatu ni sehemu zinazosubiri kuhamishwa. Mistari hii miwili ya mwisho isomeke sifuri. Isiposomeka sifuri, diski hiyo haifai kwa amana hata ikitolewa sadaka. Muuzaji anayekataa kuichomeka amekwisha kujibu swali.

Hata daftari hilo halikuachwa salama na walanguzi. Januari 2025 iligundulika huko Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa madukani kama mpya, daftari lake la SMART likiwa limefutwa na kurudishwa sifuri. Kampuni yenyewe ilisema haikuziuza hivyo. Ulaghai ulifichuka kwa kuwa diski hizo zina daftari la pili, liitwalo FARM, ambalo walaghai hawakulifuta. Ikiwa mnunuzi wa Ujerumani, mwenye sheria na risiti, aliweza kughilibiwa, mnunuzi wa Kariakoo asione aibu kuuliza maswali mengi. Wala hadaa haitoki kwa wachuuzi peke yao: mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa masanduku ya aina hii, zilitumia mtindo wa kuandika wa SMR, ambao ni mzito katika kazi hiyo, bila ya wanunuzi kuambiwa.

Ushauri wetu kwa hiyo ni huu: mtu abane fedha katika kasha, asibane katika diski. Kompyuta iwe ya mtumba; diski, kadiri uwezo unavyoruhusu, iwe mpya. Uwezo usiporuhusu, zinunuliwe diski mbili za mtumba, kutoka kwa wauzaji wawili, ili zisiwe zimezaliwa na kuzeeka pamoja.

Na hapa tunarudi kwenye lile wingu. Mafundi wengi humwambia mteja kwamba diski mbili zikiwekwa pacha, kila moja ikiandika yanayoandikwa na mwenzake, basi amemaliza. Hajamaliza. Pacha humlinda na kifo cha diski moja tu. Mtoto akifuta folda, imefutika kote kuwili dakika ile ile. Mwizi akibeba kasha, amebeba zote mbili. Umeme ukipanda ghafula, huweza kuzichoma zote mbili. Mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh, aliweka kanuni ambayo mafundi wa dunia nzima wameikubali: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe mbali na nyumba. Wasio na vingi lakini wenye yale machache yasiyopatikana tena, kama vyeti na hati, waweke nakala hizo katika zile gigabaiti 15 za bure, na hapo wingu litakuwa limefanya kazi yake. Ama kwa majalada makubwa, sisi watu wa pwani tuna njia yetu. Jamaa aliyeko Temeke na nduguye aliyeko Mkunazini wabadilishane diski. Kila mmoja atunze ya mwenzake, ikiwa imefungwa kwa neno la siri, na kila Idi boti ivuke nayo pamoja na mkate wa mofa na mikoba ya watoto.

Programu ya kuendesha yote haya hailipiwi. Debian, iliyoanzishwa 1993, hutolewa bure kwa yeyote. Juu yake imejengwa OpenMediaVault, ambayo humwezesha mtu asiye fundi kulisimamia sanduku lake kupitia kompyuta nyingine. Mashine ambayo Windows imeikataa, hizi huipokea bila ya masharti. Kijana wa kidato cha nne mwenye subira ataimaliza kazi hiyo kwa siku moja, na tungefurahi kuona skuli zetu zinaifanya kuwa zoezi.

Neno moja juu ya mahali pa kuweka. Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa namna umeme unavyoweza kupotea; kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikaa miezi mitatu gizani. Wenzetu wa Bara nao waliionja Gridi ya Taifa ilipozimika Aprili na Mei 2024. Kuzimika siyo adui mkubwa wa diski. Adui ni kurudi kwa umeme kwa kishindo. Kifaa cha UPS, hata cha mtumba kilichobadilishwa betri, ni cha lazima. Kisha chumvi ya bahari hula shaba, joto hula diski, na vumbi la barabara zisizo lami huziba vipepeo. Sanduku liwekwe juu, penye hewa, mbali na dirisha la upande wa bahari, na kwa wakaao mabondeni, juu ya alama ya maji ya mvua iliyopita.

Tumesema na mnunuzi. Sasa tuna maneno na ofisi za Serikali.

Ofisi zetu, za Muungano na za Mapinduzi, nazo hutoa kompyuta kuukuu. Diski zilizomo zina nini? Watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kununua diski 158 za mtumba: 129 zilifanya kazi, na kati ya hizo 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na barua, hesabu na namba za kadi za benki kwa maelfu. Mwaka 2009 wanahabari walionunua diski sokoni Tema, Ghana, walikuta ndani yake karatasi za mikataba ya kampuni ya ulinzi ya Northrop Grumman na Serikali ya Marekani. Kubonyeza kitufe cha kufuta hakufuti. Huondoa jina la jalada katika orodha tu, nalo lenyewe likabaki pale pale. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Daftari la wagonjwa au la walipa kodi likionekana katika diski iliyouzwa Tandika, mwenye kuulizwa ni nani: mchuuzi, au ofisa aliyetia saini hati ya mnada?

Wapo maofisa watakaoona njia fupi ni kupiga marufuku mitumba hii. Uganda ilitangaza hivyo kwa kompyuta zilizotumika katika bajeti yake ya 2009. Sisi tunayo historia yetu wenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya mradi wa kuweka hesabu za Hazina katika kompyuta kwenda kombo, Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Hatuwalaumu waliokata shauri hilo. Fedha za kigeni zilikuwa chache na hasara ilikuwa kubwa. Lakini kizazi kizima cha makarani kilikua bila ya kuigusa mashine. (Katika miaka hiyo hiyo Unguja ilikuwa imeanza televisheni ya rangi, wakati Bara iliingoja ya aina yoyote hadi miaka ya 1990. Tunalisema hili bila ya kujigamba.)

Kutupiwa taka ni jambo jingine, nalo lizuiwe kwa nguvu zote. Tangu tarehe 1 Januari 2025, kwa marekebisho ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki, za sumu na zisizo za sumu, hazivuki mipaka bila ya ridhaa ya nchi inayozipokea. Kwa hiyo kompyuta inayowaka ni bidhaa. Isiyowaka ni taka, na safari yake inaishia Pugu Kinyamwezi au Kibele, ambako vijana huchoma nyaya kutafuta shaba na kuvuta moshi wa risasi. Tofauti baina ya viwili hivyo haionekani kwa macho. Inahitaji tundu la umeme, dakika tano, na ofisa asiyepokea bahasha. Tunataka meza ya namna hiyo iwepo bandarini.

Na tunataka kompyuta zinazotolewa na ofisi za umma ziuzwe kwa mafungu madogo, ya moja au mbili, ili mwalimu wa Yombo Vituka aweze kufika bei, badala ya mafungu ya mia yanayochukuliwa na tajiri mmoja na kurudi kwetu kwa bei maradufu. Kila moja iambatane na cheti kinachoonesha kwamba diski imeandikwa upya sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, tarehe ya kazi hiyo, na jina la aliyeifanya. Programu ya kufanyia hivyo ni ya bure, na diski ya terabaiti moja humalizika kwa saa chache, hata usiku ofisi ikiwa imefungwa. Matangazo ya minada huchapishwa magazetini, likiwamo hili; tutayasoma yajayo kuona kama sharti hilo limo.